Usingizi wa Dereva Hauonewi Muhali

Nakumbuka asubuhi moja, nikiwa biharusi wa siku mbili, nimefungiwa chumbani kwetu Jang'ombe, hina imenijaa mikononi mpaka kwenye viwiko, na uani wageni wa Makunduchi wamekaa kwenye majamvi wanakunywa kahawa. Hakuna aliyekuwa na ugomvi na mwenziwe asubuhi ile, mwanangu. Nataka hilo ulishike kabla sijaendelea. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wakipendana na kuheshimiana, na kabla ya adhuhuri mmoja wetu alikuwa maiti na mwingine yuko mikononi mwa polisi.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu juzi nilimsikia kijana mmoja wa hapa mtaani akijigamba barazani, eti kaendesha gari kutoka Nungwi huku anasinzia na kafika salama. Wenziwe wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwita aje akae nami kidogo, akasema ana haraka. Basi yeye aende na haraka yake, nakaa na wewe.

Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Baba yetu alikwishafariki, na mwanamme wa nyumba alikuwa kaka yangu Othman, dereva wa gari ya shamba. Zile gari zilikuwa na bodi ya mbao, mabenchi ndani na ubavu wazi, na yake ilikuwa ikienda Makunduchi na kurudi mjini. Hakuwa mlevi wala mkimbizaji. Mabibi wa shamba walikuwa wakiziacha gari nyingine zipite wamngojee yeye, kwa sababu akisimama huwaacha washuke taratibu na mizigo yao, hawapigii honi. Nakwambia haya usije ukadhani kuwa wanaofungwa kwa kuua watu barabarani ni wahuni tu.

Mama yetu alikuwa mzaliwa wa Makunduchi, kwa hiyo jamaa zake wote walikuja harusini kwangu, na aliyewaleta ni Othman, kwa gari aliyoiombea ruhusa kwa tajiri wake, mwenye gari. Usiku wa kuamkia harusi hakulala. Alfajiri akenda Uroa kuchukua samaki wa karamu. Usiku wa harusi ngoma haikunyamaza, na kaka wa biharusi ndiye wa kuchota maji, ndiye wa kuinua masufuria, ndiye wa kuwatafutia wazee mito ya kuegemea. Kila aliyehitaji kitu alimwita Othman, na Othman alikuwa akiitika kila mara kama ndiyo mara ya kwanza kuitwa.

Biharusi wa fungate hatoki. Mume wangu alikuwa amekwenda kwao kuwaamkia wazee wake, na mimi nimekaa peke yangu kitandani. Othman akaja akaegemea dirisha langu la uani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Biharusi, hujambo?"

"Sijambo, kaka. Umelala japo kidogo?"

"Nilale wapi? Mie hapa nnalala wima. Nikikaa kitako tu, basi tena."

Nikacheka. Nikamwambia asije akaanguka akanivunjia dirisha langu jipya. Naye akacheka, akapiga miayo mirefu, akaondoka. Mazungumzo yetu yalikuwa hayo tu, na mpaka leo nayasikia masikioni mwangu.

Sasa kuna jambo jingine la kukwambia. Chini ya kitanda nilichokalia palikuwa na debe la mchele. Mchele ulikuwa wa shida siku zile, unapatikana kwa foleni, na mama alikuwa ameuweka akiba kidogo kidogo, akaufunika kwa kanga na kuuficha chumbani kwangu ili usiishie kwenye karamu. Ulikuwa wa wageni wa Makunduchi. Alitaka wapikiwe chakula cha mchana, wale, wajilaze kidogo, ndiyo jioni warudi kwao. Mimi nalijua debe lile na mama analijua, lakini wageni hawalijui.

Mkubwa wa wageni alikuwa Bi Mize, binti wa mamkubwa wake mama. Alikuja na mwanawe Vuai, kijana wa rika langu, aliyepiga ngoma usiku kucha mpaka viganja vikavimba. Bi Mize aliamka mapema akafunga vifurushi vyake, na wenziwe walipomwona nao wakafunga vyao. Mama akatoka jikoni akavikuta vimepangwa mlangoni. Akaja chumbani kwangu na kisahani cha tende mkononi, akasema kwa sauti ya chini:

"Wanataka kwenda zao. Na mie naona muhali kuwang'ang'ania."

Neno hilo tumelilea vizuri hapa Unguja. Kuona muhali ni kushindwa kumwambia mtu jambo kwa kuchelea kumuudhi au kumvunjia heshima. Mgeni akikaa mpaka usiku mwingi, unaona muhali kumwambia una usingizi. Jirani akiazima sufuria yako asiirudishe, unaona muhali kumdai. Ni tabia nzuri, sikatai. Ndiyo iliyotuwezesha kuishi nyumba zimebanana hivi na tusitoane macho. Lakini kila kitu kina mahali pake, na siku ile tuliiweka mahali pasipokuwa pake.

Mama akamwita Othman pale pale mlangoni kwangu.

"Naam, mama."

"Wageni washafunga vifurushi. Utaweza kuwapeleka?"

Othman akawatazama wale wazee waliokuwa uani, na Bi Mize akiwa wa mbele, keshavaa buibui lake. Angesemaje? Aseme mbele ya wajomba na mama zake wakubwa kuwa amechoka kwa ajili yao?

"Ntaweza, mama. Kuna nini?"

Mimi nilikuwa nimesikia aliyonambia dirishani. Ningeweza kunena neno moja. Lakini biharusi wa siku mbili hapayuki, uani pamejaa wazee, nami nikajiambia kuwa mkubwa ni yeye na anajijua. Mama akampa kikombe cha kahawa, akakinywa amesimama, kwa sababu alijua akikaa hatoinuka. Watu wakapanda. Vuai akakaa benchi la nyuma, pembeni kabisa, apate upepo.

Ya njiani nimeyapata kwa waliokuwemo. Mpaka Tunguu watu walikuwa wakiimba nyimbo za harusi. Baada ya hapo wakaanza kunyamaza mmoja mmoja, na wengi wakalala. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma ya dereva alikiona kichwa cha Othman kinainama na kuinuka, kinainama na kuinuka. Moyo ukamwambia amguse bega. Akaona muhali, yeye mwanamke, na yule mwanamme asiyekuwa maharimu wake. Kidogo tu mbele yake, gari ikaacha lami taratibu, ikaingia kwenye minazi. Hapakusikika breki wala honi. Vuai alirushwa nje, na walipomfikia alikuwa hana roho tena.

Othman aliamshwa na ule mshindo, usukani umemkaba kifuani. Wanasema alifumbua macho akauliza, "Tumefika?"

Habari ilinikuta na hina yangu mbichi. Mama hakulia kwanza. Aliingia chumbani, akainama, akalivuta lile debe kutoka chini ya kitanda, akatoka nalo bila ya kunitazama. Mchele ule ulipikwa Makunduchi, kwenye matanga ya Vuai.

Siku ya hitima, Bi Mize alisema mbele ya watu kuwa amemsamehe Othman na kwamba ajali ni ya Mungu. Watu wakashukuru, na sisi tukadhani yamekwisha. Mtu akishasamehewa na mwenye maiti, nani tena ana la kumdai? Wazee wa pande zote mbili wakenda polisi pamoja, wamevaa kanzu zao safi, kueleza kuwa hawa ni watu wamoja na wamekwishamaliza. Walipewa viti na wakasikilizwa kwa heshima. Kisha wakaambiwa kuwa Othman anashtakiwa kwa kuendesha gari kwa hatari na kusababisha kifo, na kesi itakwenda mahakamani.

Hapo ndipo wengi walipokuja na maneno. Mjomba mmoja akasema aseme tairi limepasuka. Mwingine akasema aseme mbwa alikatiza, akamkwepa. Wako abiria waliokuwa tayari kusimama na kumwona huyo mbwa. Othman, aliyekuwa ametoka kwa dhamana, alikuwa akiyasikiliza yote hayo. Mama alimshika magoti, akamwambia, "Mwanangu, nna wewe tu." Kwa kweli alikuwa naye tu, maana mimi nishaolewa. Nyumba ile ilisimama kwa usukani wa Othman.

Siku ya kesi tulikwenda mama na mimi. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ndogo, hata ikabidi watu wanyamaze ndipo wamsikie. Akamuuliza Othman anakumbuka nini kabla ya gari kuacha njia.

"Sikumbuki kitu, bwana hakimu. Nililala."

Mama akanishika mkono, akaufinya. Nyuma yetu watu wakaguna.

"Kabla hujaondoka nyumbani, ulijua kama una usingizi?"

"Naam. Nlijua."

"Ulimwambia mtu?"

Kaka yangu alijua nimekaa wapi, na hakugeuka kunitazama. "Nlisema kwa mzaha tu, bwana hakimu. Hiyo si kusema."

"Kwa nini hukukataa kuendesha?"

"Niliona muhali. Walikuwa wazee wangu."

Hakimu akaandika. Alipotoa hukumu alisema maneno ambayo mimi, mwanamke wa chuo cha Kurani na darasa chache, niliyaelewa yote. Alisema kulala si kosa. Lakini usingizi wa Othman haukumvamia barabarani. Ulimjia nyumbani kwao, akaujua kuwa ni usingizi, akapanda nao kwenye gari, na nyuma yake zimekaa roho za watu. "Kosa lako lilianza ulipowasha gari," alimwambia, "si ulipofumba macho." Kuhusu msamaha, alisema ameusikia na ameupa uzito wake, na ukweli wa Othman pia ameupa uzito wake, na bila ya mawili hayo angemfunga zaidi. "Lakini barabara si ya jamaa zenu peke yenu. Kesho atapita mwingine na watoto wa watu wengine."

Akampa miaka miwili na kumnyang'anya leseni. Othman akavua kofia yake, akampa askari ampe mama. Mama aliishika mapajani njia nzima ya kurudi Jang'ombe.

Fungate langu lilikatika kwa msiba, na hata walipokwisha kuondoka watu nilikuwa na jambo sijamwambia mtu. Baada ya hukumu, mama akasema twende kwa Bi Mize tukamwombe radhi tena, safari hii uso kwa uso. Tulimkuta Makunduchi kwenye ukumbi wa nyumba yake, anasokota kamba za makumbi ya nazi.

"Shikamoo, dada," akasema mama.

"Marahaba. Kaeni."

Mama akaanza maneno yake ya radhi. Bi Mize akamkata.

"Radhi nshatoa, na sitoi mara mbili kama sadaka. Mie nna swali. Hebu nambie kweli, siku ile mlitaka tuondoke?"

Mama akashtuka. "Tutake muondoke kwa lipi? Nyie ndio mlofunga vifurushi."

"Nlifunga kwa sababu niliingia jikoni kwako nikaliona pakacha la mchele tupu. Nikasema, hawa washaishiwa na wanaona muhali kutwambia. Nikaona bora tukupunguzieni mzigo. Vuai alikuwa kalala. Nlimwamsha mwenyewe."

Mama akazitazama zile kamba, akanitazama mimi, akasema, "Mchele ulikuwepo, Mize. Debe zima. Nliuweka wenu. Ulikuwa chini ya kitanda cha huyu."

Mikono ya Bi Mize ikasimama.

"Na wewe ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua, mama. Na kaka aliniambia ana usingizi. Mimi nilicheka."

Nilingoja anifukuze. Ningefurahi kama angenifukuza, maana ningekuwa nimelipa kitu. Bi Mize machozi yakamtoka na yeye hayafuti, akasema pole pole:

"Basi sote tulikuwa na adabu. Adabu ndo iliyotuulia mtoto."

Akaiokota kamba yake, akaanza tena kusokota. "Othman yuko ndani, serikali ishafanya yake. Sisi tulobaki nje hatuna hakimu. Wewe utazaa, inshallah. Wanao waambie usingizi wa dereva hauonewi muhali. Waambie mie, Mize, ndo nlosema. Na hao wanao wawaambie wao."

Sikumbuki hata nilimjibu nini. Nakumbuka tulikula kwake mihogo siku ile, kwa sababu hakukubali tuondoke kabla ya kula, na mama alikula akilia.

Mama alifariki Othman akiwa bado ndani. Alipotoka alilikuta kaburi limeshaota majani, akayang'oa kwa mikono yake. Miaka miwili inasemwa haraka mahakamani, mwanangu, lakini ndani yake panatosha mama kufa na kuzikwa. Hakushika usukani tena mpaka anakufa. Alilima mihogo na migomba huko shamba, na akipanda gari huchagua kukaa nyuma ya dereva, akamzungumzisha njia nzima. Anamuuliza jana alilala saa ngapi, kala nini, mtoto hajambo. Madereva walimchoka, wakampa jina, Mzee Umelala. Yeye alifurahi nalo. Mara moja, nami nimo garini, alimkuta dereva anasinzia, akamshikilia bega mpaka akasimamisha gari, na abiria wote wakakaa chini ya minazi zaidi ya saa, wakinung'unika, huku dereva amelala kwenye majani. Othman akaninong'oneza kuwa ile ndiyo safari yake tamu kuliko zote.

Sasa mwanangu, la kwangu ni hili, na nitalisema wazi kwa sababu mafumbo hayajamsaidia mtu barabarani. Ukiwa una usingizi usiwashe gari. Usiseme utajikaza, usiseme ni karibu, usitegemee kahawa. Na uuseme usingizi wako kwa maneno kamili, tena mbele ya watu, si kwa mzaha wa dirishani. Wakinuna, waache wanune, watakunjua nyuso hizo wakiwa hai. Na ukiwa si dereva, usidhani umepona. Muulize aliyekushikia usukani kama amelala, na akikujibu haraka haraka muulize tena. Ukiona kichwa kinainama, mguse bega, awe ni mwanamme awe ni nani. Mgeni wako ukimtaka abaki, mwambie abaki na umwoneshe mchele wako. Na ukiwa mgeni, uliza kabla hujafunga vifurushi.

Usijidanganye pia kuwa watu wako wakikusamehe mambo yamekwisha. Sheria itakuuliza ulijua au hukujua, na ukishajua, huna pa kujificha. Hata ukitoka jela, kuna mtu hayupo aliyekuwepo. Mimi sikupelekwa mahakamani, lakini kila ninapopita minazi ile ya njia ya Makunduchi naomba dereva apunguze mwendo, na ninasoma fatiha kwa Vuai, na moyoni namwambia kaka yangu maneno niliyotakiwa kuyasema siku ile: kalale, Othman, wageni watakula kwanza.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudiko, mwanangu. Akupe ulimi wa kusema "nina usingizi" na akupe watu wa kukuelewa. Usingizi wako akushushie kitandani kwako, na asubuhi akuamshe na wako wote wakiwa wazima. Amin.